Karanga za kukaa mwaka mzima Mwanza: gunia, dumu, mfuko wa kinga njaa, friji au friza?

Karanga zikishavunwa na kukauka, bei yake sokoni hulegea. Msimu wa kupanda ukikaribia, wakulima wenyewe wakianza kuzitafuta kwa mbegu, bei hupanda. Ndiyo maana kaya nyingi za Mwanza hununua debe zima, au ndugu wawili watatu huchanga wakachukua gunia, wakitumaini zitawavusha hadi mwaka mpya: za kuunga mchicha na kisamvu, za kutafuna na matobolwa ya viazi vitamu, za kusaga kwa uji wa watoto. Kununua kwa wingi ni uamuzi mzuri. Ila karanga za gunia moja zikigawanywa nyumba mbili, huku zinaweza kubaki tamu hadi Desemba na kule zikawa chungu kabla ya Oktoba. Tofauti huwa ni hali zilizoingia nayo ndani, na mahali zilipowekwa.

Hapa nalinganisha njia ambazo mtu wa Kirumba, Igoma au Buhongwa anazo kweli. Msimamo wangu nautoa mapema: karanga za kukaa muda mrefu zibaki ndani ya maganda yake, ziwe kavu kabisa, zijazwe kwenye ndoo au dumu linalofungwa barabara. Friji na friza ziachie zile ulizokwisha kuzimenya, kuzikaanga au kuzisaga.

Nini hasa kinaziharibu

Ni mambo matatu, na kuyachanganya ndiko kunakowapotosha watu, kwa sababu chombo kinachozuia moja kinaweza kulikuza jingine.

La kwanza ni ukungu, na chanzo chake ni unyevu. La pili ni mafuta kuchacha. Karibu nusu ya uzito wa punje ya karanga ni mafuta, na mafuta hayo yakikutana na hewa, joto na mwanga huanza kuvunjika. Ladha inageuka uchungu unaokwaruza koo, na harufu inakuwa kama ya rangi ya mafuta ya kupaka milango. Joto likipanda kwa nyuzi 10, uharibifu huo huenda kasi takribani mara mbili. Mchana wa Mwanza mara nyingi unafika nyuzi 28, na chumba cha bati kisicho na dari kinapita hapo kwa urahisi. La tatu ni wadudu na panya.

Kati ya hayo matatu, la kuogopwa ni ukungu. Karanga iliyochacha inakera mdomoni na mtu anaitema. Karanga yenye ukungu inaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haina ladha wala harufu, wala haitoki kwa kuchemsha au kukaanga jikoni. Sumu hii yenyewe iligunduliwa kupitia karanga: mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 baada ya kulishwa chakula chenye mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Hapa kwetu, mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na mahindi ndiyo yaliyotajwa zaidi. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka, huharibu ini. Kwa hiyo ninapolinganisha vyombo, swali langu la kwanza ni usalama, na utamu unafuata.

Ukavu kwanza, chombo baadaye

Hakuna chombo kinachoponya karanga iliyoingia na unyevu. Mahindi huhesabiwa makavu yakiwa na unyevu wa asilimia 13 hivi. Karanga zilizomenywa zinatakiwa zishuke hadi asilimia 7 au pungufu, na zenye maganda zisizidi 9. Wengi hushangaa kwa nini karanga zidaiwe ukavu mkali kuliko mahindi. Sababu ni kwamba mafuta hayabebi maji. Ikiwa nusu ya punje ni mafuta, basi maji yote yamejikusanya katika ile nusu nyingine, na humo ndimo ukungu unamoota. Asilimia 10 ya unyevu kwenye karanga ni maji mengi.

Ndiyo maana sishauri kutegemea kipimo cha chumvi kwenye chupa, kile ambacho wakulima wamefundishwa kwa mahindi: unatia chumvi kavu na punje kwenye chupa, unatikisa, na chumvi ikiganda kwenye kioo unajua bado mbichi. Kipimo hicho huonyesha unyevu unaozidi asilimia 15 hivi. Karanga inaweza kukifaulu na bado ikaota ukungu.

Tumia masikio na vidole. Tikisa ganda karibu na sikio: punje zilizokauka hucheza ndani na kutoa mlio. Menya moja, ivunje: inapasuka mara moja, haipindi. Sugua punje kati ya vidole: ngozi yake nyekundu inatoka bila kubembelezwa. Fanya hivyo kwa karanga za juu, za katikati na za chini ya gunia, maana za chini ndizo zinazoficha mambo.

Na muulize muuzaji swali moja ambalo wengi hawaliulizi: "Mama, hizi zililoweshwa kabla ya kumenywa?" Kumenya kwa mkono kunachosha, na wako wanaonyunyizia maji maganda ili yalainike. Karanga za namna hiyo zinapendeza machoni, zimenona, lakini maji yale yameingia kwenye punje. Mimi hizo sizinunui za kuweka. Nikizichukua ni za kupika siku hiyo.

Mara nyingi karanga za huku huvunwa mvua za masika zikiwa bado hazijaisha, kwa hiyo za mwanzo kabisa sokoni huwa hazijakauka vizuri. Anayenunua za kuweka asubiri Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekatika na jua ni la kutegemea. Hata hapo, zikifika nyumbani zitandaze kwenye turubai, safu nyembamba, uzigeuze mara kwa mara na uziingize ndani kabla ya jioni, kwani karibu na ziwa umande haukawii. Zenye maganda zinavumilia jua kali. Zilizomenywa zianikwe kivulini penye upepo. Jua la mchana huanza kuchachisha mafuta yake mapema.

Na maganda au bila maganda?

Uamuzi huu una uzito kuliko uchaguzi wa chombo. Ganda huizuia punje isipate mwanga, hupunguza hewa, huwachelewesha wadudu na hukinga isigongwe. Punje iliyopasuka nusu huchacha haraka kuliko iliyo nzima, kwa kuwa mafuta yake yamefunguliwa kwa hewa. Hata ile ngozi nyekundu ina viambato vinavyochelewesha kuchacha, hivyo karanga nyeupe zilizochunwa ngozi ni dhaifu zaidi.

Hasara ya maganda ni nafasi. Kilo moja ya karanga zenye maganda hukupa takribani theluthi mbili ya kilo ya punje, na gunia la zenye maganda hujaza sehemu kubwa ya stoo ndogo. Anayekaa chumba kimoja Mabatini hana anasa hiyo, namwelewa. Huyo anunue zilizomenywa kwa sado, za mwezi mmoja au miwili, azifunge vizuri, kisha arudi sokoni. Kulimbikiza zilizomenywa kwenye chumba chenye joto ni kutafuta hasara.

Gunia

Gunia linapitisha hewa. Hilo ni jema na baya kwa wakati mmoja. Kama una shaka kidogo na ukavu, gunia la katani litaziruhusu ziendelee kupumua na kukauka, wakati chombo kilichofungwa kingezivundisha. Salfeti hupumua kidogo kuliko katani. Kwa wiki za mwanzo baada ya kununua, gunia ni mahali sahihi.

Kwa miezi, hapana. Mvua za vuli zikianza Oktoba, karanga kavu ndani ya gunia hunyonya unyevu wa hewani, na ukavu uliouhangaikia Julai unapotea. Wadudu wanapita, panya wanatoboa. Kama huna njia nyingine, basi gunia likae juu ya mbao, lisiguse sakafu ya saruji wala ukuta, na lisikae chumba kimoja na dagaa. Mafuta ya karanga hubeba harufu ya kilicho jirani, na harufu hiyo haitoki.

Ndoo na dumu

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi, kwa sababu ni rahisi, panya hawaipendi, na haitaki umeme. Masharti yake ni matatu na yote yana maana.

Chombo kiwe safi na kisicho na harufu. Dumu lililobeba mafuta ya taa au dawa ya mifugo lisitumike kamwe kwa chakula. Dumu la mafuta ya kula nalo lina utando wa mafuta ya zamani ukutani, na utando huo ukichacha huambukiza ladha. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha liachwe wazi likauke siku kadhaa. Hapa ndoo yenye mfuniko wa kubana inalishinda dumu: mkono unaingia, unasugua hadi chini.

Chombo kijae hadi juu. Ndoo iliyo nusu ina hewa nusu, na hewa ndiyo inayochachisha mafuta. Kwa hiyo ndoo ndogo nne za lita 5 ni bora kuliko moja ya lita 20. Unafungua moja, unaimaliza, nyingine bado hazijaguswa.

Tena kifungwe kweli. Kama mfuniko unacheza, weka kipande cha nailoni safi juu ya mdomo kabla ya kuubana.

Kesho yake au keshokutwa asubuhi, fungua uangalie upande wa ndani wa mfuniko. Ukikuta jasho au matone, karanga hazikuwa kavu. Zitoe zote, zianike tena, usijiambie kwamba zitakauka humo humo. Chombo kisichopitisha hewa kikifungiwa unyevu kinakuwa shamba la ukungu. Zikiwa kavu na zina maganda, ndoo kwenye kona yenye ubaridi itazitunza miezi sita hadi tisa bila shida. Zilizomenywa, hesabu miwili au mitatu.

Chupa ya kioo juu ya kabati inapendeza, na kwa karanga za wiki hii haina ubaya. Kwa zaidi ya hapo, mwanga wa dirishani unazimaliza.

Mfuko wa kinga njaa

Mifuko hii ina tabaka: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, na kiroba cha kawaida nje kinachobeba uzito. Unajaza wa ndani kabisa, unakamua hewa, unausokota mdomo na kuufunga, kisha unafanya vivyo hivyo kwa wa pili. Wadudu waliomo ndani hutumia hewa iliyobaki hadi ikaisha, wakaacha kula, wakafa. Hakuna dawa inayowekwa, na kwa chakula cha nyumbani hilo ni jambo kubwa. Hewa ikipungua, kuchacha nako kunapungua.

Ukilinganisha na ndoo, mfuko unashinda kwa mtu mwenye gunia zima la kilo 50 au 100 ambaye hataligusa kwa miezi: familia iliyovuna Sengerema au Magu, kikundi cha akina mama kinachonunua pamoja, mwenye mbegu za msimu ujao. Unashindwa kwa mtu anayechota kila Jumamosi. Kila ukifunguliwa, hewa mpya inaingia na kazi inaanza upya. Na panya akiutoboa umekwisha, kwa hiyo utakaa juu ya mbao, stoo ikiwa imefagiliwa. Nasisitiza tena ukavu: mfuko huu ni mkali kuliko ndoo katika kushika unyevu, na karanga zisizokauka humo huoza.

Friji na friza

Baridi hupunguza kuchacha kuliko kitu kingine chochote. Karanga zilizomenywa ambazo kabatini zingekupa miezi miwili au mitatu, kwenye friji zinafika sita na zaidi, na kwenye friza mwaka. Friza pia huua mayai na viluwiluwi vya wadudu. Siku nne kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri zinatosha. Watu wengine hutumia njia hiyo kama dawa ya kuanzia: wanagandisha karanga siku kadhaa, wanazirudisha kwenye joto la kawaida zikiwa zimefungwa, kisha wanazihamishia kwenye ndoo.

Ila friji ya Mwanza ina sangara, ina dagaa, ina kitunguu kilichokatwa jana. Karanga zikiwekwa humo kwenye bakuli lililofunikwa kwa sahani, baada ya wiki unakula karanga zenye ladha ya samaki. Friji pia ina unyevu wake. Kwa hiyo chombo ndani ya friji kinatakiwa kifungwe vizuri kuliko hata cha kabatini: chupa ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha, au kopo lenye mpira mdomoni, na liwe mbali na samaki.

Kununua friza kwa ajili ya karanga tu sioni sababu. Gharama ya LUKU itakula faida ya kununua kwa wingi. Lakini kama friza ipo tayari kwa sababu ya samaki au biashara ya barafu, mfuko wa kilo mbili tatu kwenye kona yake hauongezi gharama ya maana. Umeme ukikatika, samaki ndio wa kuhangaikia. Karanga hazidhuriki kwa kupoteza baridi siku moja. Zinadhuriwa na maji ya barafu iliyoyeyuka yakiingia kwenye mfuko. Ziweke juu, zisikae chini kabisa ambako maji hutuama.

Zilizokaangwa na zilizosagwa

Hapa watu wengi hupoteza. Karanga za kukaanga huchacha haraka kuliko mbichi, maana moto umeshafungua njia, na za kusaga ndizo zinazowahi kuliko zote kwa sababu kila chembe imeguswa na hewa. Kusaga kilo tano za unga wa karanga za uji ili upunguze safari za mashineni ni kujiletea uchungu, tena kwenye chakula cha mtoto. Saga za wiki mbili, uziweke kwenye friji. Kama huna friji, twanga za siku mbili tatu kwenye kinu. Kazi ni ndogo kwa kiasi hicho.

Njugu mawe, korosho na pekani

Njugu mawe zinataka mpango tofauti. Mafuta yake ni asilimia 6 au 7 tu, kwa hiyo kuchacha si tatizo lake, na hakuna haja ya kuzipeleka kwenye friji. Adui yake ni wadudu wale wanaotoboa kunde na choroko, wanaoacha kitundu cha duara kwenye kila punje. Kwa hizo, kinga njaa inashinda kila kitu, na dumu lililojaa pomoni linafuata.

Korosho zinazofika Mwanza zimesafiri kutoka Mtwara na Lindi, na kwa kawaida zimeshabanguliwa, nyingi zimekaangwa. Zihesabu kama karanga za kukaanga: chombo kidogo, friji.

Pekani ndizo dhaifu kupita zote. Ni kokwa za mti wa Marekani na kaskazini mwa Mexico, na siku hizi Afrika Kusini nayo inalima kwa wingi. Huku zinafika kwenye pakiti za supamaketi, au kwenye begi la ndugu aliyerudi safari. Zaidi ya asilimia 70 ya punje yake ni mafuta, na ndiyo maana wakulima wake huzikausha hadi unyevu wa asilimia 4 hivi. Ile hesabu ya maji na mafuta inafanya kazi hapa pia. Zikiwa zimemenywa, kwenye joto la nyuzi 21 zinakaa kama miezi mitatu. Kwa joto letu zitawahi kuchacha zaidi, tena hujui zilikaa dukani muda gani. Kwenye friji zinafika miezi tisa, na kwenye friza miaka miwili. Kwa hizi sina ushauri wa kabatini. Pakiti ikifunguliwa, chukua za kula leo, zilizobaki zigawe kwenye vifungu vidogo, kamua hewa, peleka friza.

Ukitoa chochote kwenye friza, kifungu kibaki kimefungwa hadi kipate joto la chumba, saa moja au mbili. Ukikifungua kikiwa baridi, hewa yenye unyevu inagusa punje na kuacha maji juu yake.

Kuchambua

Chombo chochote utakachochagua, kaa chini na sinia uzichambue kabla ya kuhifadhi na tena kabla ya kupika. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye vumbi la kijani au jeusi, na zilizotobolewa. Sumukuvu haisambai sawa kwenye gunia. Punje chache mbovu ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, na kuzitoa kunapunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Punje hizo mbovu zisirudishwe kwa ujanja kwenye mashine ya kusaga, wala wasipewe kuku na ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hiyo hupita na kuingia kwenye mayai na maziwa. Zichimbie shimo au zichome.